Wanamaji wetu na swali la Tabora: ziwani anaamuru nani?



Nimepotea kidogo. Mhariri wangu alinituma Tabora kuandika habari za tumbaku, na kama mnavyojua, mtu akitumwa Tabora harudi bila asali na bila hadithi. Asali nimeshanunua. Hadithi ndiyo hii, na haihusu tumbaku hata kidogo. Inahusu wanamaji.

Najua kuna watakaocheka. Tabora na wanamaji wapi na wapi? Huku tuna miembe, tuna joto, tuna vumbi, na maji yenyewe ya bomba kwa miaka mingi tumeyategemea kutoka bwawa la Igombe. Mtu wa Tabora akitaka kuona meli lazima apande treni. Lakini hapo kwenye treni ndipo penye hoja yangu. Ukisimama stesheni ya Tabora uko njia panda: tawi moja linakupeleka Mwanza kwenye Ziwa Victoria, jingine linakupeleka Kigoma kwenye Ziwa Tanganyika. Kabla ya reli ilikuwa ni njia ya misafara, kutoka Bagamoyo hadi hapa, kisha Ujiji. Mirambo alipoifunga njia ile mwaka 1871, wafanyabiashara wa Ujiji na wa Zanzibar wote walipata tabu. Ziwa halijawahi kujitegemea. Siku zote mambo ya ziwani yameamuliwa na watu wa nchi kavu, na wengi wao walikuwa mbali.

Kwa nini nayasema haya leo? Ngoja niwape kisa.

Nina mjomba wangu Ujiji, mtu wa dagaa na migebuka. Miezi michache iliyopita boti ya jirani yake ilizimika injini usiku, ziwani, ikiwa na vijana wanne. Mmoja alifanikiwa kupiga simu mara moja, kisha simu ikafa. Mjomba akanipigia mimi, eti kwa kuwa ni mwandishi wa habari lazima nijue namba ya mkubwa. Nikapiga. Ofisi ya kwanza wakasema hilo si lao, jaribu kule. Kule wakasema wao wanashughulika na usajili wa vyombo tu. Ofisi ya tatu wakauliza kama ni ajali au ni injini imezimika, maana kama haijazama bado si ajali. Ya nne haikupokea. Alfajiri vijana walivutwa na wavuvi wenzao waliokuwa wanarudi Kibirizi. Wazima, wamelowa, wana njaa. Tukamshukuru Mungu, yakaisha.

Kwangu hayakuisha. Sitataja ofisi, kwa sababu sidhani kama wale niliozungumza nao walikuwa watu wabaya. Kila mmoja alijibu kwa mujibu wa kazi yake. Tatizo ni kwamba hakuna hata mmoja aliyeweza kuniambia jambo jepesi kabisa: usiku huu, kwenye ziwa hili, nani anatoa amri?

Basi nikaanza kusoma. Na kila nilipogeuka nikakuta swali hilo ni la zamani, na limewahi kujibiwa vibaya hapahapa magharibi.

Turudi mwaka 1914. Reli ya Wajerumani imefika Kigoma mwaka huohuo, vita inaanza mwezi Agosti. Huko Dar es Salaam Wajerumani wanaizamisha wenyewe meli yao ya upimaji, Möwe, ili isitekwe. Mabaharia wake, chini ya kamanda wao Gustav Zimmer, wanapakiwa kwenye treni, wanapita Tabora, wanakwenda Kigoma kutawala Ziwa Tanganyika. Na kweli walilitawala. Walikuwa na boti ndogo kama Hedwig von Wissmann na Kingani, halafu mwaka 1915 wakashusha majini meli kubwa, Graf von Goetzen, iliyojengwa Papenburg, ikafunguliwa vipandevipande, ikaletwa kwenye makasha na kuungwa upya Kigoma. Ndiyo hiyohiyo ambayo baba zetu na babu zetu waliijua kwa jina la Liemba.

Hapa Tabora nako kulikuwa na jambo la kushangaza. Jenerali mmoja mstaafu, Kurt Wahle, alikuja Afrika Mashariki kumtembelea mwanawe, vita ikamkuta hapa. Kwa cheo alikuwa juu ya Paul von Lettow-Vorbeck, ambaye wakati ule alikuwa luteni kanali tu. Jeshini cheo ni kitu kikubwa, kuna watu wamegombana kwa ajili ya kiti cha mbele kwenye sherehe. Wahle akasema mimi nitafanya kazi chini ya huyu kijana. Mwaka 1916 akakabidhiwa upande wote wa magharibi, makao yake Tabora.

Tukubali kwamba hilo lilikuwa jambo la akili, hata kama walikuwa ni wakoloni na vita yao haikutuhusu zaidi ya kutuua na kutubebesha mizigo. Sauti ilikuwa moja. Gavana Heinrich Schnee, ambaye kisheria ndiye alikuwa mkubwa, hakuelewana na Lettow-Vorbeck, lakini kwenye uwanja wa vita amri ilijulikana inatoka wapi.

Ila amri ya sauti moja nayo ina gharama yake. Goetzen ilikuwa imefungwa mzinga mkubwa uliotoka kwenye manowari ya Königsberg, ile iliyoishia Rufiji mwezi Julai 1915. Mambo yalipokuwa magumu nchi kavu, wakubwa wa nchi kavu wakautaka mzinga ule, ukaondolewa. Meli kubwa kuliko zote ziwani ikabaki na mzinga wa bandia, wa mti. Tarehe 26 Julai 1916 Wajerumani waliizamisha Goetzen wenyewe na kuondoka Kigoma. Tarehe 19 Septemba mwaka huohuo Wabelgiji wakaingia Tabora. Sisemi Tabora ilianguka kwa sababu ya mzinga mmoja. Ninachosema ni kwamba pale ambapo wanamaji wako chini ya nchi kavu na hawana wa kuwasemea mezani, wao ndio watakaonyang'anywa wa kwanza.

Sasa tazama upande wa pili. Waingereza walikuwa na mpangilio tofauti kabisa. Jeshi lao la majini lilikuwa na wizara yake London, mbali na wizara ya jeshi la nchi kavu. Juu kulikuwa na waziri mwanasiasa, chini yake baharia mkuu, ambaye mwaka 1915 alikuwa Sir Henry Jackson. Ndiye aliyekubali kutuma watu 28 na boti mbili ndogo zenye majina ya kuchekesha, Mimi na Toutou, chini ya Geoffrey Spicer-Simson. Boti zile zilisafiri kwa meli hadi Cape Town, zikapanda treni hadi Katanga, zikavutwa kwa matrekta na ng'ombe juu ya milima ya Mitumba hadi ziwani. Tarehe 26 Desemba 1915 waliiteka Kingani, na tarehe 9 Februari 1916 wakaizamisha Hedwig. London wakapiga makofi.

Lakini mwezi Juni 1916, jeshi la nchi kavu la Waingereza kutoka Rhodesia ya Kaskazini lilipoizingira Bismarckburg, ambayo leo tunaiita Kasanga, kazi ya Spicer-Simson ilikuwa rahisi: aikae upande wa ziwani, adui asitoroke. Adui akatoroka, tena kwa mitumbwi. Yule wa majini alikuwa na wakubwa wake London, yule wa nchi kavu alikuwa na wakubwa wake wengine, na Wabelgiji waliokuwa ng'ambo Lukuga walikuwa na wa kwao. Kila mmoja alikuwa kamanda, na kwa hiyo hakuna aliyekuwa kamanda. Wahenga walishasema, manahodha wengi chombo huenda mrama.

Kwa hiyo historia ya ziwa letu inatupa makosa mawili. La kwanza, wanamaji kumezwa na nchi kavu mpaka wanabaki na mzinga wa mti. La pili, wanamaji kujitenga mpaka wanashindwa kufanya kazi na wenzao waliosimama mita chache ufukweni.

Sisi Tanzania tulichagua nini? Hapa tena Tabora inaingia. Tarehe 20 Januari 1964 askari wa kambi ya Colito, leo Lugalo, waliasi. Kesho yake wenzao wa Tabora nao wakaasi. Tanganyika ilikuwa na batalioni mbili tu, na zote mbili zikawa zimegoma. Nchi haikuwa na wanamaji wa kwake. Waliokuja kuzima uasi ule tarehe 25 Januari walikuwa ni komando wa Uingereza kutoka manowari ya Centaur, kwa helikopta. Ni aibu ambayo Mwalimu hakuisahau. Jeshi lile likavunjwa, na tarehe 1 Septemba 1964 likazaliwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Mkuu wake wa kwanza, Mrisho Sarakikya, alikuwa afisa kijana ambaye wakati wa maasi alikuwa hapahapa Tabora.

Ukilijua hilo, utaelewa kwa nini hatuna jeshi la majini lenye wizara yake. Tuna jeshi moja. Katiba inasema Rais ndiye Amiri Jeshi Mkuu. Yupo Waziri wa Ulinzi, yupo Mkuu wa Majeshi ya Ulinzi akisaidiwa na Mnadhimu Mkuu, halafu ndipo zinakuja kamandi: Nchi Kavu, Anga na Wanamaji. Kamandi ya Wanamaji ilianza mwaka 1971 kwa msaada wa China, makao yake Kigamboni. Kwa muda mrefu mkuu wake tulikuwa tunamwandika magazetini kama Meja Jenerali, cheo cha nchi kavu, na ni miaka ya karibuni tu tumeanza kuandika Rear Admiral. Wapo watakaosema hilo ni jambo dogo. Mimi naona cheo cha majini ni dalili kwamba maji yameanza kusikika.

Jirani zetu Kenya wana mpango mwingine kidogo. Wanamaji wao, walioanza mwaka huohuo 1964, ni moja ya matawi matatu ya jeshi, na Katiba yao ya 2010 inamtaja kamanda wa wanamaji kuwa mjumbe wa Baraza la Ulinzi sawa na wenzake wa nchi kavu na anga. Jenerali Joseph Kibwana, aliyeongoza majeshi yote ya Kenya kuanzia mwaka 2000, alikuwa baharia. Samson Mwathethe, aliyeyaongoza kuanzia 2015, naye alikuwa baharia. Wenzetu wana bahari moja na kipande cha Ziwa Victoria. Sisi tuna Bahari ya Hindi, tuna Victoria, tuna Tanganyika yenye urefu wa kilomita zaidi ya 670, na tuna Nyasa.

Je, nataka tuwe na jeshi la majini linalojitegemea? Hapana. Hapa naachana na baadhi ya rafiki zangu ambao kila wakiona udhaifu dawa yao ni kuanzisha wizara mpya, magari mapya na katibu mkuu mpya. Mpango wa jeshi moja ulitokana na kidonda cha 1964, na umetupa nchi ambayo wanajeshi wake hawajawahi kuipindua serikali. Katika ukanda huu hilo si jambo la kubeza. Tusichezee.

Ninachotaka ni kidogo zaidi, na kwa maoni yangu ni kigumu zaidi. Nataka kila ziwa liwe na mtu mmoja.

Kumbukeni MV Nyerere. Tarehe 20 Septemba 2018 mimi nilikuwa bado mwanafunzi wa sekondari, tukakusanyika kwenye redio ya mlinzi wa shule. Kivuko chenye uwezo wa kubeba abiria 101 kilizama karibu kabisa na Ukara, watu wanakiona kutoka ufukweni. Walikufa watu 228, wakapona 41. Giza lilipoingia kazi ya uokoaji ilisimama mpaka asubuhi. Siku mbili baadaye wazamiaji walimtoa mtu mmoja akiwa hai ndani ya kivuko kilichopinduka. Mtu mmoja, hai, baada ya siku mbili! Tangu siku ile huwa najiuliza kama usiku wa kwanza mle ndani walikuwamo wengine.

Na nani aliyesimamia kazi ile hatimaye? Ilibidi Mkuu wa Majeshi wakati huo, Jenerali Venance Mabeyo, afike Ukara kusimamia kuinuliwa kwa kivuko. Wanajeshi walifanya kazi nzuri na tuliwashukuru. Lakini fikirieni maana yake. Kivuko kilikuwa cha wakala wa serikali chini ya wizara ya ujenzi. Usalama wa vyombo majini una taasisi yake. Polisi wana kikosi cha wanamaji. Zimamoto wana jukumu la uokoaji. Mkoa una kamati yake ya ulinzi na usalama. Jeshi lina kamandi yake. Wote hao wapo, na bado kazi ikapanda ngazi mpaka kwa mtu wa juu kabisa jeshini. Mfumo ambao kivuko kikizama lazima aje mkuu wa majeshi yote ni mfumo ambao huku chini hauna mkubwa.

Miaka minne baadaye, tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air ilianguka ziwani Bukoba, karibu kabisa na uwanja. Nilikuwa chumba cha habari siku ile. Ndani walikuwamo watu 43. Walikufa 19, wakaokoka 24. Waliofika wa kwanza ni wavuvi na mitumbwi yao. Tukawapongeza, tukawapa zawadi, tukapiga nao picha. Lakini Bukoba 2022 na boti ya jirani wa mjomba wangu ni hadithi moja: mwenye kofia hana mtumbwi, mwenye mtumbwi hana amri.

Hoja yangu basi ni hii. Mwanza kumekuwa na mradi wa kujenga kituo cha kuratibu utafutaji na uokoaji kwa ajili ya Ziwa Victoria. Ni jambo jema, na Kigoma na Nyasa nao wasisahaulike. Lakini jengo haliokoi mtu. Kila ziwa liwe na kamanda mmoja wa dharura, ofisa wa wanamaji, anayejulikana kwa jina na kwa namba ya simu kwenye kila mwalo na kila bandari. Kwa saa 6 za kwanza baada ya ajali awe na mamlaka, kwa maandishi, ya kumwamuru polisi, zimamoto, bandari na nahodha yeyote aliye karibu. Wavuvi waingizwe kwenye orodha yake, wapewe mafunzo na mafuta ya dharura. Baada ya saa hizo 6 wakubwa wa Dodoma na Dar es Salaam waendelee watakavyo. Na akishindwa, tujue ni nani ameshindwa.

Nasikia tayari sauti inasema: kijana, mambo ya jeshi ni siri, andika habari za tumbaku ulizotumwa. Kwa heshima zote, mkuu, siri ni idadi ya risasi na mahali pa kujificha. Anayetoa amri mtoto anapozama si siri. Mpangilio wa jeshi letu uko kwenye Katiba na kwenye Sheria ya Ulinzi wa Taifa ya mwaka 1966. Tunachoomba ni ngazi moja zaidi huko chini, ionekane na mvuvi wa Ujiji.

Wapo pia watakaosema kazi ya wanamaji ni vita, uokoaji ni wa raia. Sawa. Ila katika maziwa yetu, tangu mwaka 1916, ni adui gani ameua watu wengi kuliko vyombo vibovu, upepo na kujaza kupita kiasi? Kama jeshi ni la wananchi, kama jina lake linavyosema, basi limfuate mwananchi kule anakofia.

Jana jioni nilikwenda Kwihara, kwenye tembe la Livingstone, nikarudi kwa bodaboda chini ya miembe. Dereva akaniuliza kaka unaandika nini siku zote kwenye kidaftari. Nikamwambia naandika habari za wanamaji. Akacheka sana, karibu atuangushe. Kisha akanyamaza, akaniambia shemeji yake alikufa ziwani, upande wa Kigoma. Nikamuuliza walimtafuta wangapi. Akasema, "Wenzake tu, kaka. Nani mwingine?"

Nimeikosa namna ya kumjibu. Nani mwenye jibu anisaidie.

Naomba kuwasilisha.